Ubatizo wa Hewani

Mimi naitwa Asimina, naoka mikate, na mdomo wangu hauna breki. Nalisema mapema ili mtu asije akalalamika baadaye. Habari za Kaliroi zimesimuliwa hapa kijijini mpaka zimeharibika, kila mtu anatia chumvi yake, na wengi wa hao wasimuliaji mjini hawakukanyaga siku zile. Mimi nilishuka naye kila asubuhi kwenye gari langu la mikate, kutoka huku juu milimani mpaka mjini Trikala, yeye kakaa kando yangu, chupa ya maziwa yake kaipakata kwenye kitambaa. Kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Kaliroi ni mke wa Stergios, na Stergios ni mtoto wa dada yangu Polikseni. Dada yangu ni mjane. Mumewe, marehemu Thrasivulos, alikuwa mtu wa maana, mpole, mtengeneza jibini, na tangu afariki Polikseni alikuwa na neno moja tu kinywani: mjukuu wa kiume aje, achukue jina la babu yake. Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba, na mtoto hana jina mpaka abatizwe. Kabla ya hapo anaitwa mtoto, basi. Polikseni akawa anasali, anafunga, anawasha mishumaa, na kila akimaliza anasema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Nampenda dada yangu, lakini ukweli ni kwamba mapenzi ya Mungu, yakipita kinywani mwake, huwa ni yale aliyokwisha kuyaamua mwenyewe.

Mimba ilipoingia, dada yangu alimlea mkwe wake kama yai. Usibebe, usiiname, kula hiki, usile kile. Kaliroi anacheka chinichini, anakula, halafu anaingia zizini kukamua mbuzi Polikseni akigeuza mgongo. Ndivyo alivyo. Hana makelele, wala habishani na mtu, lakini kumyumbisha huwezi.

Mimba ilikuwa haijamaliza mwezi wa sita, mwezi Februari, theluji imefika magotini, uchungu ukamshika wakati wa kifungua kinywa. Stergios akampakia kwenye pikapu wakateremka. Kwenye kona ile ya juu ya mto gari likaanza kuteleza, ikabidi asimame, ashuke, afunge minyororo kwenye magurudumu. Mikono imekufa ganzi, mnyororo hauingii, anatukana, anasali, anatukana tena. Alipofungua mlango mtoto alikuwa ameshazaliwa. Kaliroi alikuwa amemwingiza ndani ya sweta lake, ngozi kwa ngozi, kitovu hakijakatwa, na ndani ya sweta kunatoka sauti nyembamba kama ya paka mdogo. Alimwambia mumewe neno moja tu, endesha. Stergios mwenyewe amenisimulia hivi, na kila akifika hapo hulazimika kuketi.

Mtoto alikuwa wa kiume. Njiti. Hakufika hata kilo. Mkate wangu wa kawaida unamzidi. Hospitali wakamtia kwenye lile kasha la kioo lenye joto, mipira puani, mipira mkononi, kifua kinapanda na kushuka mpaka unaona aibu kupumua wewe mwenyewe bila shida. Unaruhusiwa kuingia mmoja mmoja, umenawa mpaka viwiko, umevaa joho na barakoa, na kuna tundu la kupitishia mkono. Nilipomwona mara ya kwanza nilitoka nikaenda kulia kwenye gari, kati ya kreti za mikate.

Sasa balaa ikaanza kijijini. Kwetu mzazi hatoki nyumbani mpaka siku arobaini ziishe na padri amsomee sala. Haendi kanisani, hapiti kwa jirani, hata kamba ya nguo uani wengine hawamwachii aisogelee. Kaliroi alitoka hospitali, akalala nyumbani siku moja, asubuhi yake nikamkuta kasimama mbele ya duka langu, koti kalifunga mpaka shingoni.

"Mama mdogo, nafasi ipo?"

Nikamwambia arobaini je. Akasema mtoto yuko kule, yeye afanye nini huku. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, si kawaida yangu kukosa maneno, lakini nilimtazama usoni nikafungua mlango wa gari. Tulivyopita mbele ya kanisa, wanawake watatu waliokuwa wanapukuta theluji kwenye ngazi walitutolea macho. Nikawapigia honi. Najua haikuwa adabu.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi namshusha, mchana namchukua. Anakamua maziwa yake, manesi wanayapitisha tone kwa tone kwenye mpira. Halafu anakaa kwenye kigoda, mkono ndani ya tundu, kidole chake kimoja kimeshikwa na kile kiganja cha mtoto, na anaongea naye. Nilidhani anasali. Siku moja nikasogea kusikiliza. Kumbe anampa habari za nyumbani. Mbuzi mwenye pembe moja kazaa mapacha. Baba yako kavunja mpini wa shoka. Bibi yako kagombana na mwenye duka la nyama, kamshinda. Anasema kwa sauti ileile ambayo ungemwambia mtu mzima aliyesafiri. Nesi mmoja aitwaye Vaso, mwanamke wa miraba minne asiyechekacheka, aliniambia pale pana mama wanaolia na pana mama wanaoshindwa kuja kabisa, na hao wote anawaelewa, lakini huyu wa kukaa kama aliyekuja kumtembelea jirani hajawahi kumwona.

Kisha ikaja wiki mbaya. Mapafu yakashika ugonjwa, damu ikachafuka, mtoto akabadilika rangi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alitukusanya koridoni akasema wanafanya wawezalo, lakini tujiandae. Hakuzungusha maneno.

Dada yangu hakulia. Alifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaniamuru nimrudishe kijijini, na jioni ileile tukarudi mjini tukiwa na Padri Theoklitos nyuma ya gari, ndevu zimejaa unga.

Ni lazima niseme jambo hili ili mwelewe. Kwetu mtoto akiwa mahututi, maji hayangojwi. Mkristo yeyote, awe padri, awe mchunga mbuzi, anaweza kumbatiza hewani: anamwinua juu mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, anataja jina lake, basi, mtoto ni Mkristo. Akipona atapelekwa kanisani kukamilishiwa, na jina ni lilelile. Akifa, anazikwa kama mtu, kwa jina lake na kwa nyimbo. Asipobatizwa akafa, anafukiwa kando ya ukuta wa makaburi, hana jina, haombewi kwa jina. Hilo ndilo lililomkimbiza dada yangu, na mimi nilikuwa upande wake. Nani asingekuwa?

Kaliroi alikuwa kasimama mbele ya mlango wa chumba cha njiti. Polikseni akamwambia asogee, Padri ameshanawa. Kaliroi hakusogea. Aliinama akaubusu mkono wa Padri kama ipasavyo, akainuka, akasema:

"Naomba unisamehe, Padri. Hatabatizwa hapa."

Tulidhani amechanganyikiwa. Padri akamweleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba hali ni mbaya, kwamba ni dakika moja tu, hataguswa mpira wala sindano. Kaliroi akasema anajua. Padri akauliza sababu. Akasema hawezi kuisema. Hapo dada yangu akalipuka.

"Unataka afe kama paka? Unashindana na Mungu, wewe?"

"Sishindani naye, Mama," Kaliroi akajibu. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka imepasuka. "Akipona nitamleta mwenyewe kanisani. Asipopona, lawama zote ziwe zangu. Lakini leo hapana."

Padri Theoklitos si mtu wa kuvunja mlango wa mama. Alimtazama kitambo, akamfanyia ishara ya msalaba kichwani, akavua kile kitambaa chake cha shingoni, akakikunja. Nikawarudisha kijijini, yeye, dada yangu na Kaliroi.

Kesho yake kwenye gari nikamtolea Kaliroi yote. Nikamwambia ni mkaidi, ana roho ngumu, anacheza na roho ya kiumbe isiyo yake peke yake. Nikamwambia na maneno mengine ambayo mwokaji mikate hapaswi kumwambia mwanamke mwenye maziwa kifuani. Aliniacha nikamaliza. Nikamuuliza, hivi pale kwenye kigoda unamwomba Mungu nini, ikiwa hata hilo dogo hulitaki?

"Siombi kitu, Mama mdogo. Nilishaomba. Sasa nakaa naye tu."

Nilisimamisha gari kando ya njia kwa hasira. Halafu nikaliwasha tena, kwa sababu mikate ilikuwa inapoa na mtoto alikuwa anamngoja.

Wiki ile dada yangu alishuka mjini mara kadhaa peke yake kwa basi, na Stergios alikuwa analala kwenye kiti koridoni. Kila mmoja alipewa zamu yake ya kuingia, akatoka kafuta macho. Kijijini ikawa ngoma. Eti Kaliroi hana imani. Eti mama yake alitoka bonde la pili na kule wanajulikana. Siku moja nilipita kwa Polikseni ghafla nikamkuta mezani, miwani puani, anachambua ngano, ile tunayochemsha kwa ajili ya wafu. Mtoto bado anapumua, yeye anachagua vijiwe. Damu ikanichemka. Nikalipiga bakuli lake kwa mkono, ngano ikamwagika jiko zima. Dada yangu hakunigombeza. Alipiga magoti akaanza kuokota punje moja moja, na hapo ndipo nikaona mabega yake yanatikisika, nami nikapiga magoti tukaokota pamoja.

Na mtoto hakufa. Siwezi kuwaambia ni siku gani ilikuwa, kwa sababu haikuwa siku. Mara rangi imerudi kidogo. Mara wamepunguza dawa. Mara Vaso ametoka na mkono kiunoni akasema amekojoa vizuri, na sisi watu wazima tukakumbatiana kwa ajili ya mkojo. Halafu mpira mmoja ukatolewa, halafu mwingine. Muda wote huo Kaliroi yuko kwenye kigoda, anampa habari: theluji imeyeyuka, mto umejaa, kondoo wamekatwa manyoya. Wala sikumwona akiringa kwamba hakukosea kukataa. Daktari alipokuja kumwambia hatari imepita, alimshukuru, akamuuliza kama ameshakula, akampa nusu ya mkate wake na jibini. Mimi nilimtazama mwanamke yule nikajiambia, Asimina, umeishi miaka yote hii ukidhani unajua imani ni kitu gani.

Walimleta nyumbani mwezi Juni, mashavu yamejaa, analia kama ng'ombe. Polikseni alimpokea mlangoni, akamshika, akakataa kumtoa mpaka usiku.

Jumapili iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa Padri Theoklitos kupanga siku ya ubatizo. Tulikuwa sisi: dada yangu, Stergios, Kaliroi na mtoto, na mimi, kwa sababu mimi ndiye ningekuwa mama wa ubatizo na keki ni zangu. Mke wa Padri akaleta kahawa na peremende za cheri. Padri akauliza, haya, jina ni lipi tulitayarishe.

Dada yangu akaweka kikombe chini.

"Padri, nina jambo la kukiri," akasema, na hakumtazama mkwe wake. "Jina analo. Ile wiki mbaya nilipitisha mkono kwenye lile tundu nikambatiza hewani. Nilimwinua kiasi cha unene wa kidole, sikuweza zaidi. Ni Thrasivulos. Kaliroi anisamehe, nisingeweza kumwacha aende hivihivi."

Nilikuwa namtazama Kaliroi, nikisubiri dhoruba. Lakini aliyesogeza kiti alikuwa Stergios, uso mweupe kama unga wangu.

"Mama," akasema, "ulifanya lini?"

Polikseni akasema Jumamosi.

"Mimi nilifanya Ijumaa." Akainamisha kichwa. "Nesi aliniambia anaweza asifike asubuhi. Nikampa jina la Mtakatifu Elefterios, ndiye anayeombwa na wazazi, sikuweza kufikiri. Nilidhani hakuna atakayejua."

Padri Theoklitos akashika kichwa kwa mikono miwili. Sijui kama alikuwa anacheka au analia ndani ya zile ndevu. Alisema ubatizo ni mmoja, kila Jumapili tunaukiri kwa sauti, kisha tunakwenda hospitali kuufanya kwa foleni. Halafu akatulia, akasema lililo kweli: wa kwanza ndio ubatizo, unaofuata ni maneno tu yaliyosemwa kwa upendo. Kwa hiyo, kama Stergios alitangulia, mtoto ni Elefterios.

Dada yangu akaitikia kwa kichwa. Hakubisha, yeye ambaye hubisha hata bei ya chumvi. Aliangalia tu mikono yake, na machozi yakaanza kumdondokea kwenye sketi nyeusi, moja baada ya jingine, bila sauti. Miaka yote ile, na jina la mumewe limempita kwa siku moja. Nikamsogezea leso yangu.

"Si Ijumaa, Padri," Kaliroi akasema.

Alikuwa anamtikisa mtoto begani, anampigapiga mgongo atoe hewa, na alisema kama anayetaja bei ya maziwa.

"Alibatizwa siku aliyozaliwa. Kule kwenye kona, Stergios akiwa nje na minyororo. Alitoka wa buluu, hapumui, hana sauti. Sikuwa na mtu wa kumwita. Nikamwinua mara tatu, kadiri kitovu kilivyofika, nikasema maneno. Halafu ndipo akalia."

Stergios alikuwa amefungua kinywa. Padri akaketi wima.

"Kwa hiyo ulinizuia," akasema polepole.

"Ningekuachaje umbatize mara ya pili? Ingekuwa dhihaka."

"Lakini ungesema, binti!" Hiyo ilikuwa sauti ya dada yangu, imepasuka kabisa. "Neno moja tu. Tungetulia. Kwa nini hukuniambia?"

Kaliroi akamhamishia mtoto bega la pili. Ndipo nikaona kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka, na kwamba labda ilikuwa inatetemeka miezi yote ile ndani ya lile joho la hospitali, na hakuna kati yetu aliyeangalia.

"Ningesema, Mama, mngejua kwamba nimeshamtoa kwa Mungu. Nilimtoa palepale barabarani. Nilimwambia Mungu, huyu ni wako, mchukue kama unamtaka. Kisha akaanza kupumua, na mimi sikujua nimeachiwa kwa muda gani, saa moja au siku mbili. Mngelijua hilo, mngeanza kumlilia. Nilitaka akae na watu wanaomngoja, wasiwe watu wanaomuaga."

Mke wa Padri alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, haendi mbele wala nyuma. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sioni haya kusema. Padri alikohoa, akauliza kile ambacho sisi wengine tulikuwa tunaogopa kukiuliza: alimpa jina gani.

Kaliroi hakumjibu yeye. Alimgeukia mama mkwe wake.

"Thrasivulos," akasema. "Nilidhani anakwenda, Mama. Ni mdogo vile, peke yake, hamjui mtu kule. Nikasema akifika na jina hilo, babu yake atajua ni wa nani. Atampokea."

Dada yangu aliinuka. Kwetu mkwe ndiye hubusu mkono wa mama mkwe, siku ya harusi na kila sikukuu, na Polikseni kwa desturi hiyo hakuwahi kumwonea mtu huruma. Alizunguka ile meza ya Padri, akapiga magoti na lile goti lake bovu mbele ya kiti cha Kaliroi, akauchukua mkono uliokuwa mgongoni mwa mtoto, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake, na hakuuachia.